Kwa Kila Abiria: Historia Fupi ya Lupu, na Kwa Nini Yako Inachekwa

Tarehe 31 Desemba 2008, watu wengi Marekani waliamka wakitaka kusikiza muziki wakapata vifaa vyao vimeganda. Zune ya GB 30, ile ya Microsoft iliyokuja kushindana na iPod, ilikuwa inawaka, inaonyesha nembo, halafu inakwama hapo hapo. Si moja, si mbili. Zile za GB 30 ziliganda kwa wingi, siku moja. Ushauri wa Microsoft wenyewe ulikuwa hivi: acha betri iishe kabisa, ngoja hadi saa sita mchana kwa saa za Greenwich tarehe 1 Januari, halafu chaji tena.

Haikuwa kazi ya hacker, na haikuwa virusi. Ilikuwa lupu, ile sehemu ya programu inayorudia kazi moja tena na tena hadi ifike mahali pa kusimama. Ndani ya saa ya hiyo Zune kulikuwa na lupu ya kuhesabu mwaka kutoka kwa idadi ya siku tangu 1980. Ya asili iliandikwa kwa lugha ya C. Nikiiweka kwa Python na majina ya Kiswahili, ilikuwa inafanya kazi hivi:

    while siku > 365:
        if mwaka_mrefu(mwaka):
            if siku > 366:
                siku = siku - 366
                mwaka = mwaka + 1
        else:
            siku = siku - 365
            mwaka = mwaka + 1

Sasa ifuate pole pole. Mwaka 2008 ulikuwa mwaka mrefu, kwa hivyo 31 Desemba ilikuwa siku ya 366. Mstari wa juu unauliza: siku ni zaidi ya 365? Ndio, ingia. Huu ni mwaka mrefu? Ndio. Siku ni zaidi ya 366? Hapana, ni 366 kamili. Basi hakuna kitu kinapunguzwa. Rudi juu. Siku ni zaidi ya 365? Ndio, ingia. Na hivyo hivyo hadi betri ife.

Nimeanza na hiyo stori kwa sababu kuna kitu naona kila wiki. Msee mdogo, labda ako form four ama ndio ameanza kujifunza programu kwa simu, anaonyesha watu lupu yake. Inafanya kazi. Lakini kabla hajamaliza kueleza, mtu ashamwambia "hii ni uchafu, hii inaweza kuwa mstari mmoja." Anapewa huo mstari mmoja. Hauelewi, lakini anaubandika, na anaenda nyumbani akijua kitu kimoja tu: kwamba yeye ni mjinga.

Mimi nasema hivi. Hakuna lupu iliyo mbaya kwa sababu ni ndefu, na hakuna iliyo nzuri kwa sababu ni fupi. Ukijua historia ya hii kitu, utaona kwamba kila mtindo tunaouita wa kizamani leo uliwahi kuwa ukombozi wa mtu. Na utaona kwamba wale waliobadilisha mitindo hawakuwa wanatafuta urembo. Walikuwa wanatafuta nafasi kwa kichwa cha binadamu. Nilitoka chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo siongei hapa kama profesa. Naongea kama mtu aliyechoka kuona watu wakichekwa na watu wasiojua walikotoka.

Ilianza na kadi

Mwaka 1843, Ada Lovelace, Mwingereza, alichapisha maelezo marefu kuhusu mashine ambayo haikuwa imejengwa, na ambayo haikuwahi kumalizika. Mashine ilikuwa ya Charles Babbage. Ilikuwa ipokee amri kupitia kadi zilizotobolewa, wazo lililotoka kwa mitambo ya kufuma nguo ya Jacquard kule Ufaransa, ambapo matundu kwenye kadi ndiyo yaliamua ni uzi gani uinuke.

Katika maelezo yake ya mwisho, yale yanayoitwa G, Ada alionyesha hatua kwa hatua venye mashine ingeweza kukokotoa namba za Bernoulli. Akifika operesheni ya 23, anaandika kwamba kutoka ya 13 hadi ya 23 zinarudiwa. Hakuandika upya hatua kumi na moja mara nyingi. Aliziweka pamoja, akasema: rudia. Hiyo ni lupu, na ilikuwa kwa karatasi zaidi ya miaka mia moja kabla ya kompyuta ya kwanza kupata mahali pa kuikimbiza.

Ruka hadi Cambridge, Mei 1949. Kompyuta inayoitwa EDSAC, iliyojengwa na Maurice Wilkes na wenzake, inaanza kufanya kazi. Tuseme uko na namba mia moja zimepangwa kwa kumbukumbu yake, moja baada ya nyingine, na unataka kuzijumlisha. Kwa EDSAC ya mwanzo hakukuwa na njia ya kusema "nipe inayofuata." Amri ilikuwa inasema "jumlisha kilicho kwa chumba namba fulani," basi. Kwa hivyo ulikuwa unaandika programu inayojibadilisha yenyewe: ikimaliza chumba cha 50, inachukua ile amri yake, inaiongeza moja ili sasa iseme 51, halafu inairudia.

Hebu fikiria hiyo. Programu inajikata na kujishona ikiwa inakimbia. Ukikosea, hujui hata ni programu gani unaangalia, kwa sababu ile uliyoandika si ile iko kwa mashine sai.

Mwaka huo huo wa 1949, mashine ya Chuo Kikuu cha Manchester ilikuwa na kitu kipya: sehemu ndogo ya pembeni ya kuweka namba inayoongezwa kwa anwani. Hiyo ndiyo mzazi wa indeksi. Sasa amri inabaki vile ilivyo, namba ya pembeni ndiyo inapanda. Kwa watu wa wakati huo, hiyo "i" unayoambiwa uitoe kwa lupu yako ilikuwa ni kupumua.

Neno "kwa"

Mwaka 1951, huko Zurich, Heinz Rutishauser alipendekeza lugha ya kuandikia programu, na ndani yake akaweka neno moja la Kijerumani: "für." Kwa Kiswahili ungesema "kwa." Kwa i kutoka 1 hadi 10, fanya hivi. Hiyo ndiyo babu ya kila for unayoandika leo.

Halafu 1957 IBM wakatoa Fortran kwa kompyuta yao ya 704. Timu iliongozwa na John Backus. Walikuwa na wasiwasi mmoja mkubwa: watu waliozoea kuandika amri za mashine kwa mkono wangekataa kabisa kama programu zingekimbia pole. Kwa hivyo nguvu nyingi sana waliweka kwa lupu, kwa sababu hapo ndipo programu za hesabu hutumia muda wake mwingi. Lupu yao iliitwa DO. Ulikuwa unaandika kitu kama DO 10 I = 1, 100, yaani rudia hadi mstari wenye lebo 10, I ikitoka 1 kufika 100.

Umewahi kujiuliza kwa nini kila mtu anatumia i, j na k? Wanahisabati walikuwa wakizitumia kitambo kwa kuhesabu. Lakini Fortran iliipigilia msumari: jina lolote lililoanza na herufi kati ya I na N lilihesabiwa kuwa namba kamili, usipotangaza kitu kingine. Sasa msee anaandika JavaScript kwa simu Kayole mwaka huu, na bado anatumia i. Hiyo si uvivu. Ni urithi.

Vita ya GO TO

Lakini DO haikutosha kila mahali. Kazi nyingi watu waliendelea kufanya na GO TO, amri inayosema "ruka uende mstari ule." Ukitaka kurudia, unaruka kurudi juu. Ukitaka kutoka, unaruka kwenda chini. Ukisoma programu ya mtu mwingine, kidole chako kinaruka juu, chini, katikati, juu tena, na baada ya dakika tano umesahau ulikuwa unatafuta nini.

Mwaka 1966, Waitaliano wawili, Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini, walionyesha kihisabati kwamba huhitaji huko kuruka. Mtiririko wa programu yoyote unaweza kujengwa na vitu vitatu: fuata hatua, chagua njia, rudia. Machi 1968, Mholanzi Edsger Dijkstra akachapisha barua fupi kwa jarida la wanakompyuta la ACM akisema GO TO iondolewe. Kichwa cha barua, kile kilichosema GO TO ina madhara, hata si yeye alikiandika. Alikiweka mhariri, Niklaus Wirth, yule aliyekuja kuunda lugha ya Pascal.

Watu wanakumbuka kichwa cha barua na kusahau sababu. Dijkstra hakusema GO TO inaonekana vibaya. Hoja yake ilikuwa kuhusu akili zetu: binadamu ni wazuri kuelewa kitu kilichotulia, lakini ni dhaifu kufuatilia kitu kinachobadilika kadiri muda unavyosonga. Kwa hivyo andika programu ambayo maandishi yake kwa karatasi yanafanana na kinachotokea ikikimbia. Msomaji asilazimike kuwa mashine.

Na hata hapo hakukuwa na dini. Mwaka 1974 Donald Knuth alijibu na makala ndefu akionyesha mahali ambapo GO TO bado ina maana. Hawa walikuwa wakubwa wa hii kazi, na walikuwa wanabishana kwa mifano. Nataka tuige hiyo sehemu.

Wale waliokataa kuhesabu

Wakati hayo yote yanaendelea, kulikuwa na watu wengine kwa kona yao wakiuliza swali tofauti kabisa: kwani lazima tuhesabu?

John McCarthy, MIT, alichapisha lugha ya Lisp mwaka 1960. Ndani ya makala yake kuna funksheni ya kuchukua orodha nzima na kuitendea kitu kimoja kwa kila mwanachama. Hakuna i. Kenneth Iverson, Mkanada, alitoa kitabu mwaka 1962 kilichozaa lugha ya APL. Kwa APL, kujumlisha orodha nzima ni alama mbili: +/ na jina la orodha. Basi. Mwaka 1979 Iverson alipewa Tuzo ya Turing, na mhadhara wake ulikuwa kuhusu venye alama unazotumia kuandika zinakusaidia kufikiri.

Na hapa ndipo stori inanoga. Mwaka 1977, Tuzo ya Turing ilienda kwa John Backus. Ndio, yule yule wa Fortran, yule aliyetupa DO. Badala ya kusimama kujisifu, alitumia mhadhara wake kushambulia mtindo mzima uliotokana na kazi yake. Alisema lugha zetu zimetufunga kufikiri neno moja moja la kumbukumbu kwa wakati, wakati tungekuwa tunafikiri kuhusu kazi nzima. Mtu anashika tuzo kubwa kuliko zote, halafu anawaambia watu njia aliyowaonyesha ina mpaka.

Ukitaka kuona alikuwa anamaanisha nini, achana na maabara. Panda matatu ya Rongai. Makanga anataka kujua bado anadai pesa ngapi. Lupu ya kizamani inamfanya akusanye hivi:

    jumla = 0
    i = 0
    while i < len(abiria):
        if abiria[i].amelipa == False:
            jumla = jumla + abiria[i].nauli
        i = i + 1

Hakuna makanga duniani anafikiri hivi. Hasemi "naanza kiti namba sifuri, nikimaliza naongeza moja, naangalia kama nimefika mwisho." Anaangalia watu:

    jumla = 0
    for mtu in abiria:
        if not mtu.amelipa:
            jumla += mtu.nauli

Hiyo ni "kwa kila abiria." Imetoa i, imetoa len, imetoa nafasi ya kusahau kuongeza moja na kuganda kama Zune. Na ukitaka kwenda mbele:

    jumla = sum(mtu.nauli for mtu in abiria if not mtu.amelipa)

Isome kwa sauti: jumla ya nauli ya kila abiria ambaye hajalipa. Hiyo ni sentensi. Huyo ni makanga akiongea.

Huo mtindo wa mwisho una safari yake. Wanahisabati walikuwa wanaandika seti hivyo kitambo: vitu vyote vyenye sifa fulani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Jacob Schwartz wa Chuo Kikuu cha New York alianza lugha ya SETL iliyoleta uandishi huo ndani ya programu. Baadaye lugha kama Haskell zikaubeba. Oktoba 2000, Python 2.0 ikaupa watu wa kawaida kwa orodha. Java ilipata "kwa kila" yake mwaka 2004, na mwaka 2014 ikapata njia ya kupitisha orodha kwa hatua za kuchuja na kubadilisha. JavaScript ilipata map na filter rasmi mwaka 2009. Kwa hivyo kama mwalimu wako alijifunza Java mwaka 2001 na anakufunza lupu ya i, hajakosa akili. Alifunzwa kabla hiyo nyingine haijafika mezani.

Na hii si mambo ya urembo tu. Mwaka 2004 Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat wa Google walichapisha makala kuhusu mfumo wao wa MapReduce, na wakasema wazi wazo lilitoka kwa map na reduce za Lisp. Ukimwambia mashine "anza na sifuri, halafu moja, halafu mbili," umeifunga kwa mpangilio. Ukimwambia "fanya hivi kwa kila kimoja," inaweza kugawa kazi kwa kompyuta maelfu kwa wakati mmoja, kwa sababu hukusema ni nani atangulie.

Kusafisha bila kuvunja

Sasa, kubadilisha msimbo wa zamani uwe safi kuna jina, na jina lina historia. Kurifakta ni kubadilisha umbo la programu bila kubadilisha inachofanya. Mwaka 1992 William Opdyke aliandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu hilo Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1999 Martin Fowler akatoa kitabu kilichofanya neno hilo lijulikane kila mahali. Toleo la pili lilikuja 2018, na lupu zenyewe zikaingia kwa orodha yake ya "harufu," yaani dalili kwamba msimbo unahitaji kuangaliwa. Pamoja nayo aliweka dawa: badilisha lupu iwe mlolongo wa hatua.

Ona alichagua neno gani. Harufu. Ukisikia harufu jikoni, unaenda kuangalia. Pengine kitu kimeoza, pengine ni omena tu na ni tamu. Harufu si hukumu.

Halafu kuna upande ambao wale wa mstari mmoja hawapendi kusimulia. Mwaka 2005, Guido van Rossum, yule aliyeunda Python, alipendekeza kuondoa map, filter na reduce kwa toleo lijalo. Hasa reduce. Alisema kila akikutana na reduce inayofanya kitu kigumu kidogo, inabidi achukue kalamu na karatasi ndio aielewe, na kwamba afadhali kuandika lupu ya kawaida. Mwishowe map na filter zikabaki, lakini Python 3.0 ilipotoka Desemba 2008, reduce ilikuwa imetolewa kwa meza kuu na kuwekwa kwa maktaba ya pembeni. Desemba ile ile Zune ziliganda.

Kwa hivyo aliyetengeneza lugha mwenyewe aliangalia mstari mmoja mjanja, akaangalia lupu ya mistari minne inayoeleweka, na akasimama na lupu. Ukichekwa tena, kumbuka hiyo.

Rudi kwa Zune

Turudi kwa ile lupu ya mwanzo, kwa sababu sasa tuko na macho ya kuiona. Shida yake ni nini? Si urefu. Shida ni kwamba swali moja, "je, siku zimezidi mwaka huu?", limeulizwa mahali pawili kwa majibu tofauti. Juu inasema 365. Ndani inasema 366. Siku moja tu kwa miaka minne hayo majibu yanagombana, na siku hiyo ikafika.

Isafishe hivi:

    while siku > siku_za_mwaka(mwaka):
        siku = siku - siku_za_mwaka(mwaka)
        mwaka = mwaka + 1

Funksheni ndogo inajua kama mwaka una 365 au 366. Swali linaulizwa mara moja, na jibu ni moja. Siku ya 366 ya 2008: je, 366 ni zaidi ya 366? Hapana. Toka. Muziki unapiga.

Angalia vizuri: bado ni while. Hakuna map hapo, hakuna mstari mmoja wa kuonyesha watu. Mtu mwenye kiburi angeipita akisema ni ya kizamani. Lakini hiyo ndiyo rifakta halisi, kwa sababu imepunguza vitu ambavyo msomaji anabeba kichwani, na kwa kupunguza, hitilafu imekosa mahali pa kujificha. (Kusema ukweli kamili, hapa tumerekebisha kosa pia, kwa hivyo ni rifakta na dawa kwa pamoja. Lakini ni umbo safi lililofanya dawa ionekane.)

Hiyo ndiyo kamba ninayoiona ikipita kwa historia yote. Ada alikataa kuandika hatua zile zile tena. Manchester walikataa programu ijikate. Rutishauser na Backus walikataa mtu ahesabu anwani. Dijkstra alikataa kidole kiruke. McCarthy na Iverson walikataa i. Kila mmoja alichukua mzigo fulani kutoka kwa kichwa cha mtu akaupa mashine. Ukiandika mstari mmoja ambao msomaji lazima aufungue na kalamu, umefanya kinyume. Umechukua mzigo kutoka kwa skrini ukaurudisha kwa kichwa cha mtu, halafu unataka kupigiwa makofi.

Kwa hivyo kabla ya kusafisha lupu yoyote, yako ama ya msee mwingine, jiulize haya.

Kwanza, hii lupu inafanya nini kwa sentensi moja ya Kiswahili cha kawaida? Kama inachuja, inajumlisha, ama inabadilisha kila kitu kwa orodha, kuna uwezekano mkubwa lugha yako iko na njia inayosema hivyo moja kwa moja. Kama sentensi yako ina "na" tano, pengine ni lupu tatu zimekaa ndani ya moja. Zitenganishe kwanza.

Pili, i inafanya kazi gani? Kama ni ya kuchukua kitu kinachofuata tu, itoe, tumia "kwa kila." Kama unahitaji namba kweli, labda kuonyesha abiria wa kwanza, wa pili, wa tatu, Python iko na enumerate tangu 2003. Inakupa namba na kitu pamoja, na huwezi kusahau kuongeza moja.

Tatu, utajuaje hujavunja kitu? Andika majaribio kabla hujagusa. Na usijaribu siku ya kawaida pekee. Jaribu orodha tupu, jaribu kitu kimoja, jaribu wa mwisho. Zune ilifanya kazi miaka miwili bila shida. Ni siku ya 366 ndiyo iliiangusha.

Nne, unaweza kumweleza mtu huo msimbo mpya bila kuusoma tena? Kama umepewa na mtu kwa grupu ama na programu ya AI na huwezi kuueleza, bado si wako. Rudisha lupu yako ya mistari mitano. Haina aibu. Ukiielewa vizuri, utaifupisha mwenyewe siku moja na utajua kwa nini.

Na wewe unayejua zaidi, ukiona lupu ya mtu mgeni, usianze na "uchafu." Mwambie aisome kwa sauti. Mara nyingi akifika kwa "i sawa na i ongeza moja" atasimama mwenyewe, aulize kama kuna njia ya kusema tu "kwa kila." Hapo mwonyeshe. Atakuwa ameifikia kwa miguu yake, venye Manchester walifikia indeksi na Backus akafikia kupinga kazi yake mwenyewe.